Karata Ishirini na Moja: Jinsi Mazingaombwe Yanavyofumbuliwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana kuwa ni mchezo tu, nalo ni mazingaombwe ya karata. Hatukusudii kumfundisha mtu kamari, la, hasha. Twataka kuonyesha njia ambayo watu wa zamani waliifuata ili wajue jinsi ajabu inavyofanywa, na kwa nini kujua huko kuliwahi kuwa jambo la uhai na mauti.

Siku moja tulikuwa tumeketi barazani, jua limekwisha kupungua ukali wake, akaja kijana mmoja mgeni aliyekuwa akipita njia kwenda mnadani. Alipokwisha kuwaamkia wazee na kupewa maji ya kunywa, alitoa mfukoni karata zake, akahesabu 21, na zilizobaki akazirudisha. Akamwomba mmoja wetu azitazame, achague moja kwa moyo wake, asiiguse wala asiitaje. Kisha akazipanga juu ya mkeka safu tatu, kila safu karata saba, akauliza, "Karata yako imo katika safu ipi?" Akaambiwa. Akazikusanya, akazipanga tena, akauliza tena. Mara ya tatu akafanya vivyo hivyo. Hata mwisho akazishika zote mkononi, akawa akiziweka chini moja moja huku akinong'ona maneno tusiyoyajua, mara akasimama, akafunua moja. Ilikuwa ndiyo hiyo hasa.

Wengine walipiga kelele za furaha. Lakini mzee mmoja aliondoka kitini pake, akasema, "Mwanangu, sisi hatuna ugomvi nawe, lakini mtu asomaye mioyo ya watu hawezi kulala katika kijiji hiki." Yule kijana akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hapana achekaye pamoja naye, alikusanya karata zake, akaaga, akashika njia, na usiku ulikuwa karibu kuingia. Nasi tulikaa kimya. Hapana aliyesema neno la kumtetea, kwa kuwa hapana aliyejua alivyofanya.

Ukimya wetu ule ndio uliotufanya tukumbuke habari ya Mwingereza mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 400 iliyopita, ambaye yeye hakukubali kukaa kimya. Jina lake Reginald Scot. Alizaliwa yapata mwaka 1538 katika jimbo la Kent, kusini ya mashariki ya Uingereza, katika ukoo wenye mashamba na heshima. Alisoma kidogo katika chuo cha Oxford, akaondoka pasipo kupata shahada, akarudi kwao kutazama mashamba. Kitabu chake cha kwanza, kilichopigwa chapa mwaka 1574, hakikuhusu uchawi hata kidogo. Kilikuwa kitabu cha kilimo, kikieleza jinsi ya kupanda na kutunza mmea utambaao juu ya miti mirefu, ambao maua yake hutiwa katika pombe ya Kizungu ili iwe chungu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mkulima mwema ana desturi moja: shamba lake likiharibika hutafuta sababu katika udongo, katika mvua na katika wadudu, kabla ya kumtazama jirani yake kwa jicho baya.

Katika siku zile Waingereza wengi hawakuwa na desturi hiyo. Mwaka 1563, katika utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilitolewa sheria ya kumwua kila mtu aliyethibitishwa kuwa ameua kwa uchawi. Ng'ombe wakifa, maziwa yakikataa kuganda siagi, mtoto akiugua ghafula, watu waliuliza kwanza, "Ni nani aliyetukasirikia?" Na mara nyingi aliyetajwa alikuwa mwanamke maskini, mzee, asiye na mtu wa kumsemea. Mwaka 1582, katika kijiji cha Saint Osyth, jimbo la Essex, wanawake kadhaa walishtakiwa, na wawili wao, Ursula Kemp na Elizabeth Bennet, walinyongwa. Miongoni mwa walioletwa kumshuhudia Ursula alikuwa mtoto wake mwenyewe, mvulana wa umri wa miaka kama minane.

Scot mwenyewe ametuandikia habari ya kesi nyingine iliyokuwa karibu na kwao. Mwaka 1581 mwanamke mmoja jina lake Margaret Simons, wa kijiji cha Brenchley, alipelekwa mbele ya hukumu mjini Rochester. Aliyemshtaki alikuwa kasisi wa kijiji chake. Kisa chenyewe kilianza hivi. Mwana wa kasisi alikuwa akipita mbele ya nyumba ya mama yule, na mbwa wake mdogo akambwekea. Kijana akachomoa kisu, akamfukuza mbwa mpaka mlangoni. Mama akamkemea kwa maneno makali. Baada ya siku tano au sita kijana akaugua. Kasisi akasema mwanawe amerogwa. Tena akaongeza kwamba yeye mwenyewe hupotewa na sauti akiwa anasoma kanisani, na hilo nalo ni kazi ya mama huyo. Scot akaenda akamwuliza mama mwenyewe. Akaambiwa kwamba kasisi ana ugonjwa wa mapafu unaomfanya asisikike, nao ni ugonjwa tu kama magonjwa mengine. Wazee wa baraza la hukumu wakamwachilia Margaret. Lakini tazameni, wasomaji, jinsi maisha ya mtu yalivyoning'inia juu ya mbwa aliyebweka.

Basi mwaka 1584 Scot alitoa kitabu kikubwa, sehemu 16, kiitwacho The Discoverie of Witchcraft, maana yake Kufichuliwa kwa Uchawi. Neno lake kuu lilikuwa hili: kwamba wale wanaoitwa wachawi aghalabu ni watu wanyonge wasio na nguvu yoyote ya ajabu, na kwamba mambo yanayodhaniwa kuwa ya mashetani yana sababu zake. Naye alijua kwamba watu watamjibu, "Sisi tumeona kwa macho yetu." Kwa hiyo aliona ni lazima aonyeshe jinsi macho yanavyodanganywa. Katika sehemu ya 13 ya kitabu kile akaeleza moja kwa moja siri za wafanya mazingaombwe: jinsi wanavyoficha tembe na sarafu mkononi, jinsi wanavyojifanya kujichoma kisu, na jinsi wanavyotumia karata. Maelezo yake ni miongoni mwa yale ya kwanza kabisa yaliyopigwa chapa kwa Kiingereza juu ya kazi hiyo.

Scot hakutunga mambo haya nyumbani kwake. Alikwenda kwa wenye kujua. Amemtaja mmoja, John Cautares, Mfaransa kwa asili, aliyekaa London mahali paitwapo Saint Martin's, akijipatia riziki kwa kazi ya jasho lake; akamsifu kuwa ni mtu mwema na hodari wa mikono kuliko wote aliowajua. Tena Scot alisema waziwazi kwamba anasikitika kuzitoa siri hizi, kwa kuwa wako maskini wanaoishi kwa hizo. Wala hakuwalaumu wafanya mazingaombwe wanaowachekesha watu na kukubali kwamba ni mchezo. Aliowalaumu ni wale wajifanyao kuwa wana uwezo wa Mungu, na wale wanaowaua wenzao kwa kuamini upuzi huo.

Tutatoa mifano miwili ya mafumbo aliyoyafumbua, kwa sababu ndani yake mna mafunzo yatakayotusaidia kuifumbua ajabu ya kijana wetu.

Wa kwanza ni wa njiwa. Palikuwa na mfanya mazingaombwe mashuhuri, jina lake Brandon. Siku moja, mbele ya mfalme, alichora picha ya njiwa ukutani, kisha akamwonyesha mfalme njiwa hai aliyetua juu ya paa la nyumba. Akaanza kuichomachoma ile picha kwa kisu, akisema maneno mengi. Na punde si punde njiwa wa juu ya paa akaanguka, amekufa. Watu waliogopa sana, na Brandon akakatazwa asifanye tena jambo lile, maana walisema, akiweza kumwua njiwa kwa picha, atashindwaje kumwua mtu? Scot akaeleza: njiwa yule alikuwa amekwisha kulishwa sumu kabla ya kuachwa aruke, na mwenye kazi alikuwa amekwisha kujaribu na kujua itachukua muda gani kumwua. Ile picha, na kisu, na maneno, vyote vilikuwa vya kupitisha wakati tu. Basi funzo la kwanza ni hili: jambo unalotazama sipo linapofanyika. Limekwisha kufanyika kabla hujaanza kutazama.

Wa pili ni wa karata. Mtu anakuonyesha karata iliyo chini ya kifungu. Unaitazama, unaikumbuka. Karata zinachangwa vizuri. Ukipenda, wazichanga wewe mwenyewe. Kisha anakutajia karata uliyoiona. Umefikiri sana jinsi alivyoweza kuifuata ndani ya mchafuko ule. Kumbe hakuifuata hata kidogo. Aliitazama kwa siri mapema, akachanga karata kwa namna ya kuifanya ikae chini daima, ndipo akakuonyesha wewe. Aliijua kabla hujaijua. Scot alisema kwamba msingi wa kazi karibu yote ya karata ni huo: kuchanga upesi upesi huku karata moja ikibaki mahali panapojulikana. Basi funzo la pili: kile kinachokushangaza zaidi, yaani kuchangwa kwa karata, huenda hakina kazi yoyote katika jambo lenyewe.

Sasa turudi barazani kwetu. Kijana yule alipokwisha kwenda, maneno yake yalitukaa moyoni. Tukajiuliza: je, alikuwa ameijua karata kabla? Haikuwezekana, maana ilichaguliwa kwa moyo, haikuguswa. Je, alikuwa na mwenzake kati yetu wa kumpa ishara? Alikuwa mgeni, na aliyechagua alikuwa mtu wetu. Je, mikono yake ilikuwa myepesi mno? Alizipanga polepole kama mtu apangaye vikombe. Tulipokwisha kuyaondoa hayo yote lilibaki moja, nalo ndilo tulilokuwa hatukulijali: kwa nini aliuliza mara tatu? Mtu asomaye moyo hana haja ya kuuliza hata mara moja. Na jambo jingine: kila alipozikusanya safu, ile tuliyomtajia aliiweka wapi? Mtoto mmoja wa shule aliyekuwa ameketi karibu akasema, "Aliiweka katikati, kila mara." Sisi watu wazima hatukuliona hilo, kwa sababu tulikuwa tukiutazama uso wake.

Tukachukua karatasi, tukakata vipande 21, tukaviandika hesabu toka 1 mpaka 21, tukakaa chini kujaribu. Nawe, msomaji, twakuomba ufanye hivyo hivyo, maana jambo hili halieleweki vema kwa kusoma peke yake.

Shika vipande vyako mkononi, maandishi yakitazama chini. Viweke chini kimoja kimoja, maandishi juu, kwanza kuume, kisha katikati, kisha kushoto. Rudi tena kuume, katikati, kushoto, hata viishe. Utapata safu tatu zinazoshuka, kila moja ina vipande saba. Na ukizitazama kwa upana utaona mistari saba, kila mstari vipande vitatu. Mwambie mwenzako achague kimoja moyoni na akutajie safu tu. Kila safu ikusanye kwa taratibu yake, usiivuruge, uigeuze ili kile cha kwanza kiwe juu. Safu aliyoitaja iweke katikati ya zile mbili.

Fikiri sasa. Mwanzo hukujua lolote. Yawezekana ni chochote katika 21. Lakini alipotaja safu moja amekuambia kwamba ni kimoja katika saba. Na kwa kuwa umeiweka safu hiyo katikati, juu yake pana vipande saba na chini yake saba, kwa hiyo kile anachokiwaza hakina budi kuwa cha 8, au cha 9, na kuendelea hata cha 14.

Panga tena kama kwanza. Cha 8 na cha 9 vitaangukia katika mstari wa tatu. Cha 10, cha 11 na cha 12 vitakuwa mstari wa nne. Cha 13 na cha 14 vitakuwa mstari wa tano. Basi vile saba vimetawanyika katika safu tatu, na hapana safu inayopata zaidi ya vitatu. Uliza, "Kimo katika safu ipi?" Akikutajia, vimebaki vitatu tu, au viwili. Tena wajua vilipo: katikati ya safu ile, cha tatu, cha nne na cha tano. Iweke safu hiyo katikati. Vyenyewe sasa ni cha 10, cha 11 na cha 12 katika kifungu chote.

Panga mara ya tatu. Cha 10, cha 11 na cha 12 vyote huangukia mstari mmoja, ule wa nne, ulio katikati hasa, kila safu kimoja. Uliza kwa mara ya mwisho. Akikutajia safu, amekwisha kukutajia kipande chenyewe: ni cha nne katika safu hiyo. Huna haja ya kusoma moyo wala uso. Ukitaka kuwapendeza watu, usikifunue papo hapo; kusanya tena, safu iliyotajwa ikiwa katikati, uhesabu polepole mpaka 11. Saba za juu, na nne za safu yenyewe, jumla 11. Hapo funua. Maneno ya kunong'ona waweza kuyatia au kuyaacha. Kazi yake ni ile ile ya kisu cha Brandon juu ya picha ya njiwa.

Hiyo ndiyo siri yote. Toka 21 hata saba, toka saba hata tatu, toka tatu hata moja. Yule kijana hakuyasoma mawazo ya mtu. Mtu mwenyewe alimwambia, kidogo kidogo, mara tatu, wala hakujua kwamba anasema.

Ajabu hii si mpya. Mwaka 1612, katika mji wa Lyon nchi ya Ufaransa, mtaalamu wa hesabu jina lake Claude-Gaspard Bachet alipiga chapa kitabu cha mafumbo ya hesabu ya kupendeza, na ndani yake limo hili la karata zilizopangwa safu na kuulizwa safu. Miaka mia mbili baadaye, mwaka 1813 na 1814, Mfaransa mwingine, Joseph Diez Gergonne, aliyekuwa akitoa jarida la hesabu mjini Nîmes, aliliandikia maelezo kamili. Hakutosheka kuuliza, "Hufanywaje?" Aliuliza, "Kwa nini huwezekana, na mpaka wake ni wapi?"

Mpaka wenyewe ni mwepesi kuuona. Kila jibu huigawanya idadi kwa tatu. Maswali matatu, basi, huweza kuchagua kimoja katika tatu mara tatu mara tatu, yaani 27, wala si zaidi. Ukitumia karata 27, safu tatu za tisa, waweza kufanya jambo la ajabu zaidi: mwache mwenzako ataje hesabu yoyote toka 1 mpaka 27, nawe uifanye karata yake itokee katika hesabu hiyo hiyo. Njia yake ni hii. Toa moja katika hesabu aliyoitaja. Iliyobaki igawanye katika tisa, tatu na moja. Tuseme ametaja 15. Ukitoa moja inabaki 14. Na 14 ni tisa moja, tatu moja, na moja mbili. Anza na zile moja: mara ya kwanza ya kukusanya, weka safu mbili juu ya ile aliyoitaja. Mara ya pili, kwa ajili ya zile tatu, weka safu moja juu yake. Mara ya tatu, kwa ajili ya tisa, weka tena safu moja juu yake. Hesabu mpaka 15, ufunue. Mwanafunzi atakayelijaribu hili ataona kwamba hana haja ya kuambiwa na mtu kuwa ni kweli; mikono yake itamshuhudia.

Huenda msomaji mmoja akasema, "Mazungumzo haya ni ya Ulaya, yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu. Kwanza, karata zenyewe si ngeni kwetu. Majina tunayoyataja kila tuchezapo, karata, turufu, kopa, uru, pau na shupaza, yote asili yake ni Kireno, nayo yamebaki katika lugha yetu tangu siku za Wareno katika pwani hii, ingawa ngome zao zimekwisha kuwa za wengine.

Pili, hila zimetufuata pamoja na karata. Katika miji yetu, penye vituo vya magari na penye masoko, mara nyingi wameonekana watu wenye karata tatu, mchezo uitwao pata potea. Mshamba hutazama, huona mtu mmoja akishinda fedha mara mbili, naye hutoa nauli yake. Kumbe yule aliyeshinda ni mwenzao. Scot aliliandika hilo mwaka 1584: aliwaonya wasomaji wake wasicheze karata na wasiowajua, na hasa wajihadhari na yule aonekanaye mjinga au mlevi, maana mara nyingi ndiye mwerevu kuliko wote. Onyo hilo halijazeeka.

Tatu, na hili ndilo zito. Katika Tanzania, hasa sehemu za Mwanza na Shinyanga, wako wanawake wazee waliouawa na watu wa vijiji vyao wenyewe kwa kushukiwa uchawi, na alama waliyoonwa nayo ni macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, akiwasha samadi ya ng'ombe kwa kuwa kuni ni haba, macho yake hayawezi kuwa meupe. Kila mtu katika kijiji aliuona moshi ule ukitoka paani kila siku. Sababu ilikuwa mbele yao, kama ile safu iliyowekwa katikati mara tatu mbele yetu, wala hawakuiona, kwa kuwa walikuwa wakitazama mahali pengine.

Huko Uingereza maneno ya Scot hayakushinda mara moja. Mwaka 1597 Mfalme James wa Scotland alitoa kitabu chake cha kumpinga, na alipokuja kutawala Uingereza pia, sheria ya uchawi ilifanywa kali zaidi mwaka 1604. Scot hakuyaona hayo. Alikwisha kufariki mwaka 1599. Hata mwaka 1736 ndipo Bunge la Uingereza lilipoifuta sheria ya kuwaua watu kwa uchawi. Toka kitabu cha Scot mpaka siku hiyo ilipita miaka 152. Lakini katika muda huo kitabu hakikufa. Kilipigwa chapa tena mwaka 1651, na wafanya mazingaombwe wenyewe wakakisoma ili wajifunze kazi yao.

Basi, ndugu wasomaji, ukikutana na ajabu fanya kama ulivyofanya na vipande vya karatasi. Jiulize: Ni nini nilichokiona kwa macho, na ni nini nilichokidhania tu? Ni jambo gani lililofanyika kabla sijaanza kutazama? Ni jambo gani lililorudiwa ambalo halikuonekana kuwa na maana? Na usipopata jibu, sema "sijui," ukakae ukifikiri. Kusema "sijui" si aibu, wala hakujamwua mtu. Kusema "najua, ni mchawi" kumewaua wengi.

Usiku ule tulipokwisha kuifumbua siri, taa ilikuwa karibu kuzimika. Tukamwita mzee wetu, tukampangia vipande juu ya mkeka, tukamfundisha. Akavifanya mwenyewe mara mbili, na mara zote mbili akapata. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Yule kijana alishika njia ipi?" Tukamwambia ya mnadani. Akasema, "Kesho mapema mpelekeeni mtu, amwambie arudi, atakula kwangu." Alfajiri tulimtuma mtu, naye alifika mnadani jua limepanda, lakini kijana alikuwa amekwisha kupita, na hapana aliyejua alikokwenda.